Mtamba wa Mayu

Mwabasese, Kishapu
11 Juni 2024

Mdogo wangu Agapiti,

Salamu zikufikie huko Geita kwenye vumbi lenu. Sisi huku hatujambo. Baba Philomena hajambo, Philomena amefunga shule, na Mayu anakohoa lakini ugali anakula na ulimi wake ni ule ule. Jana ameniita mvivu mbele ya kuku, mimi mwanawe wa kumzaa.

Barua hii anakuletea Zipora, yule muuza michembe wa Mhunze anayekuja soko la Geita kila wiki. Usinipigie simu. Kwanza nasikia polisi wameichukua yako kuwa kielelezo. Pili yangu haina chaji, kibanda cha kuchajia hapa kijijini kimeharibika. Kwenye kiroba kuna michembe ya viazi vitamu, na chini yake mahindi. Utasaga mwenyewe huko, maana mashine ya huku nayo mbovu.

Sasa nikuulize, kwa sababu watu wananiuliza mimi. Ni kweli utatoa ushahidi dhidi ya Mheshimiwa Shilogela? Redioni wamesema serikali ina mashahidi tisa, na mmoja ni mwandishi wa duara. Nikajisemea, aliyekuwa anaandika majina ya wachimbaji kabla hawajaingia kwenye lile shimo ni nani tena kama si huyu wa kwetu? Agapiti, unajua yule mtu ni nani hapa. Ni mtoto wa kijiji hiki. Alipokuwa naibu waziri alituletea kisima cha pampu na mabati ya shule. Cheo kimeondoka, lakini watu bado wanamwita Baba. Vijana wa ngoma wamemtungia wimbo kwamba anaonewa wivu kwa dhahabu yake. Siku alipokamatwa, akina mama walilia kama kuna msiba. Wewe hukuwepo, hukuona.

Nijibu kwa mkono wa Zipora.

Dada yako,
Melania, Mama Philomena


Geita
17 Juni 2024

Shikamoo dada,

Barua nimeipata Jumamosi pamoja na michembe. Mahindi nimeyapeleka kusaga. Mbona huko vitu vyote vimeharibika kwa mpigo, kibanda cha chaji na mashine ya kusaga?

Ni kweli, nitasimama. Nakueleza kama nilivyowaeleza polisi, usije ukasikia kwa watu. Duara lile lilikuwa la Mheshimiwa, ingawa kwenye karatasi kuna jina la shemeji yake. Tarehe 9 Novemba mkaguzi wa migodi alikuta magogo ya kuzuia ukuta yameoza, akalifunga. Tarehe 10, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Mheshimiwa akanipigia simu. Nilikuwa nimefungulia sauti ya juu kwa sababu ya makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zina kelele. Alisema: "Agapiti, ingiza watu. Mkaguzi nitamalizana naye mimi." Nikafungua daftari, nikaita majina kumi na moja. Saa nne kasoro robo ukuta ulishuka. Hakutoka mtu hai.

Dada, mimi ndiye niliyeita majina. La saba lilikuwa la Magesa, mume wa Salome jirani yetu. Aliniambia ana homa, anaomba apumzike siku hiyo moja. Nikamwambia amri imetoka juu. Akavua shati, akaingia. Ukiniuliza kwa nini nasimama, ni hiyo. Nikinyamaza, basi mimi ndiye niliyewaua, na hakuna mwingine. Naomba umwambie Salome habari ya homa. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Hapa mji umegawanyika. Nje ya mahakama wapo waliovaa fulana zenye sura ya Mheshimiwa, wanaimba kutwa. Ng'ambo ya barabara wapo akina mama walioshika picha za watoto wao, hao hawaimbi. Askari wamesimama katikati. Bodaboda wanabishana kama ni mpira, atafungwa, hafungwi. Mama Aneth ninayekula kwake ananiongezea nyama, na jirani yake akiniona anatema mate chini. Juzi nimekuta mlango wangu umeandikwa kwa mkaa: YUDA. Nikafuta. Asubuhi nikakuta pameandikwa tena.

Mpe Mayu shikamoo yangu.

Mdogo wako,
Agapiti


Mwabasese
27 Juni 2024

Marahaba mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo.

Mwe, Agapiti! Kukaa na polisi kumekufundisha upelelezi. Mashine ni chuma, na chuma kinaharibika, hicho nacho cha kuuliza? Salome sijamwambia. Hatujaonana siku hizi, kila mtu yuko na pamba yake.

Mayu miguu imevimba. Baba Philomena alimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati, muuguzi akasema ni moyo. Anakuulizia kila siku. Anasema ulipokuwa mdogo ukiiba sukari ulikuwa huwezi kukataa, unakuja mwenyewe na mdomo mweupe kungoja kuchapwa. Alicheka mpaka kikohozi kikamkaba.

Nina ombi. Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho. Sikuombi useme uongo. Nakuomba usahau kidogo. Umesema mwenyewe makarasha yalikuwa yanapiga kelele. Ukimwambia jaji sikusikia vizuri, nani atakufunga? Waliokufa ndio hivyo, hawarudi. Sisi tuliobaki tunaishi na watu. Unajua maana ya kuishi na watu, Agapiti? Wewe uko Geita, kila mtu mgeni, ukikosana na jirani unahama chumba. Mimi nitahamia wapi, na mgonjwa ndani?

Baba Philomena hajui kwamba nimekuandikia haya. Usimjibu yeye.

Melania


Geita
4 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kisha nimeichoma, isije ikakutwa kwangu.

Nani anakutisha? Kama kuna mtu, mtaje, nimpe jina lake wakili wa Serikali. Ni mwanamama, anaitwa Ghati, haogopi mtu. Nimepangiwa tarehe 15. Ameniagiza nisitoke mjini wala nisikutane na mtu yeyote wa kwetu mpaka nimalize, kwa hiyo hata kuja kumwona Mayu siwezi. Sauti yake inanijia mchana mzima.

Kama huko kuna jambo, niambie. Kama hakuna, usiniombe tena nisahau. Nimejaribu kusahau tangu Novemba, na hata jina moja halijanitoka.

Agapiti


Mwabasese
10 Julai 2024

Agapiti,

Mayu ametutoka Jumamosi tarehe 6, asubuhi. Alikunywa vijiko viwili vya uji, akasema umepoa. Nilikwenda kuupasha, niliporudi na sufuria alikuwa amekwenda.

Tumemzika Jumatatu pembeni ya baba. Usinilaumu kwa kukujulisha baada ya mazishi. Ningekuambia mapema ungekuja, na wewe umekatazwa.

Watu walijaa. Kijiji kizima, nakwambia. Vijana walichimba kaburi, akina mama walipika, katekista aliongoza sala, na mzee Kamili mwenyewe, mtemi wa sungusungu, alishika jembe akatupa udongo. Kulikuwa na nyama. Mayu amezikwa kama mtu mwenye watu, usiwe na wasiwasi na hilo.

Ule uji bado uko kwenye sufuria. Sijaweza kuumwaga.

Melania


Geita
16 Julai 2024

Dada yangu,

Nililia kwa Mama Aneth mbele ya wateja wake, sikujali. Pole dada. Pole kwa kumuuguza peke yako, na pole kwa Baba Philomena. Nikimaliza hapa nakuja kwenye kaburi lake kabla sijafika nyumbani.

Waambie watu wa Mwabasese wabeja, asanteni sana. Nilikuwa nawadhania vibaya. Nilidhani kimya chako kinaficha chuki yao, kumbe hawajanitupa.

Jana nilisimama saa tatu na nusu. Mheshimiwa yuko kizimbani kavaa suti ya kijivu, amekonda, akanitikisia kichwa kama ananisalimia. Lakini nilisema yote, saa, maneno, na majina kumi na moja kwa kichwa. Nilipofika la Magesa jaji akaniambia ninywe maji. Halafu Ghati akaniuliza kama nina ugomvi wowote na Mheshimiwa au na watu wa kijiji chake. Nikamjibu kwamba sina. Nikasema wiki iliyopita kijiji chote kilimzika mama yangu, mtemi mwenyewe alishika jembe, na kwetu familia ya mwongo haizikiwi na watu. Akina mama wenye picha wakaguna. Hata jaji aliandika.

Kesho ni zamu ya mawakili wake kuniuliza. Kwa mara ya kwanza siogopi.

Agapiti


Geita
18 Julai 2024

Melania,

Jana wakili wa Mheshimiwa alisimama na daftari la mkutano wa kijiji. Akaniambia nimsikilize, akasoma polepole. Nanakili hapa maneno yenyewe, kwa sababu nimeyakariri.

"Tarehe 7 Julai 2024. Familia ya marehemu imeleta mtamba mmoja mwekundu. Melania amepiga magoti mbele ya mkutano, amekiri kwamba mdogo wake Agapiti anamsingizia Mheshimiwa. Familia imesamehewa na imerudishwa kijijini. Mazishi kesho."

Chini yake kuna sahihi yako. Alinipa niishike. M yako ina mkia, ninaijua tangu ulipokuwa unaniandikia jina kwenye madaftari ya shule. Akasema, "Shahidi, juzi umeiambia mahakama kwamba kwenu familia ya mwongo haizikiwi. Kwa hiyo mama yako alizikwa baada ya dada yako kukubali kwamba wewe ni mwongo. Ndivyo?" Nikamrudishia daftari lake. Wale wa fulana walipiga makofi mpaka jaji akatishia kuwatoa. Mama mmoja mwenye picha aliniangalia usoni, akaigeuza picha ya mwanawe ikatazama ukuta.

Niambie wameghushi. Niambie ni uongo, Melania. Na kama si uongo, nieleze familia imerudishwa kutoka wapi, wakati barua zako zote zilisema hamjambo.

Agapiti


Mwabasese
22 Julai 2024

Agapiti,

Leo siandiki kwamba hatujambo.

Sahihi ni yangu. Tulitengwa tarehe 3 Juni, siku ya pili baada ya redio kukutaja. Mkutano ulikaa, wakapitisha: asiwepo wa kutusalimia, wa kutupa moto wala maji, wa kutusagia, wala wa kutuzika. Atakayekiuka naye atengwe. Unayajua haya, ulikua nayo. Ila ulikua ukiwa upande wa wanaotenga, kama mimi.

Mwanzoni niliona kama mchezo. Nilifika kisimani nikasema "Mwangaluka" kwa wanawake kumi, hakuna aliyeitika, hata Salome niliyemshika mkono siku maiti ya Magesa inaletwa. Wakanisogeza na ndoo yangu. Kuanzia hapo tulichota maji Mhunze kwa baiskeli. Mwenye mashine alinimwagia mahindi yangu kwenye ungo bila kunitazama usoni. Ndiyo yale niliyokutumia, mimi na Mayu tulikuwa tunakula michembe. Mwenye kibanda cha chaji alinirudishia simu kwa kuiweka chini, nisije nikamgusa mkono. Philomena wenzake walimwachia benchi zima kanisani. Mayu alijua yote. Ndiye aliyenikataza kukuambia. Alisema ukijua utanyamaza, na ukinyamaza utaugua maisha yako yote.

Lakini alipokufa, Agapiti, alikuwa ameshasema yake. Aliyebaki na maiti ni mimi.

Baba Philomena alianza kuchimba Jumamosi ile ile. Ardhi ya hapa mwezi wa saba unaijua, ni jiwe. Alichimba mpaka jua linakaribia kuzama, mikono inatoka damu, na kaburi lilikuwa limemfika magotini. Watu wanapita njiani, wanamwona, wanapita. Jumapili aliamka akashindwa kukunja vidole. Mayu ndani ameanza kuharibika, Philomena anafukuza nzi kwa kanga. Nikaenda zizini nikamfungua yule mtamba mwekundu uliyempa Mayu ulipopata kazi. Alikuwa anamwita mkwe wake. Nikampeleka kwenye mkutano.

Maneno sikuyatunga. Mzee Kamili alinipa, nikarudia moja moja kama mtoto wa mafundisho ya komunyo. Katibu akaandika. Mtamba akachinjwa papo hapo, na waliokuwa hawanioni wakaanza kunipa pole wakiwa na mafuta mdomoni. Nami nilishukuru! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, niliwashukuru.

Sasa unaniandikia Melania, Melania, hata dada siitwi tena. Ulitaka nimzike Mayu kwenye shimo la magotini, mbwa wamfukue, ili wewe uonekane mkweli Geita? Wewe uliita majina kumi na moja kwa sababu mtu alisema ita. Mimi nilisema maneno manne kwa sababu mama yangu alikuwa ananuka. Usinihukumu, Agapiti. Tumefanana.

Nakasirika halafu nalia, halafu nakasirika tena. Kosa langu ni kukuandikia "watu walijaa" kwa kuringa. Nilitaka upate cha kukutuliza, kumbe nimekupa cha kukuaibisha mbele ya jaji.

Muulize huyo Mama Ghati kama shahidi mwingine anaruhusiwa.

Dada yako,
Melania


Geita
27 Julai 2024

Dada, shikamoo. Shikamoo tena.

Nisamehe. Sikuwa na haki ya kukuita jina tupu. Nilipofika pale pa shimo la magotini niliiweka barua chini, nikatoka nje, nikarudi baada ya muda mrefu.

Ghati anasema inaruhusiwa. Ameomba mahakama, na jaji amekubali usikilizwe tarehe 6 Agosti. Nauli na askari wa kukusindikiza vipo. Nimekuambia kwa sababu sitaki tena kufichana. Lakini mimi kama mdogo wako nakuomba usije. Nimesema nilichosikia, wakiniamini sawa, wasiponiamini nitajua kuishi hivyo. Wewe ukisimama watawatenga upya, na zizini hakuna tena mtamba. Philomena ana miaka kumi na minne. Mfikirie yeye.

Kesho wananihamishia Chato mpaka hukumu, mlango umepigwa mawe. Zipora atajua namna ya kunifikia.

Agapiti


Mwabasese
9 Agosti 2024

Mdogo wangu Agapiti,

Umekatazwa kukanyaga Geita, kwa hiyo hukuniona. Nikusimulie.

Kabla sijaondoka nilikwenda mpaka ua wa Salome. Alikuwa anapepeta mtama, akanipa mgongo, maana alishasikia nakwenda wapi. Nikauambia mgongo wake habari ya Magesa, kwamba alikuwa na homa, aliomba apumzike, akaingizwa kwa amri ya simu. Ungo ulisimama kidogo. Halafu akaendelea kupepeta. Nikaenda zangu kupanda basi.

Mahakamani nilivaa gauni la Mayu la Pasaka, limenibana makwapani. Wale wa fulana walinizomea kuanzia getini, mmoja ananiita mchawi, na ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Mama Ghati aliniuliza mambo machache nikamjibu: kutengwa, mashine, shimo, mtamba. Nilisema yale maneno niliwekewa mdomoni na mdogo wangu hajui kusema uongo, ananyamaza tu au anasema kweli. Mheshimiwa alikuwa anaangalia kucha zake. Huyu ndiye tuliyemlilia.

Halafu akasimama yule wakili wake. Mpole, Agapiti, ananiita mama. Akasema, "Mama, mbele ya kijiji ulisema hivi, mbele ya mahakama unasema vile. Tukuamini lini?" Nikamwambia, siku ile nilikuwa na maiti ndani, leo sina. Akasema, "Unafahamu kwamba ukirudi nyumbani na maneno haya watakutenga tena?" Nikamwambia nafahamu. "Na huogopi?" Nikasema, "Mzee, walichokuwa wananitishia nacho ni mama yangu. Mama ameshazikwa. Watamfukua?"

Yeye akatafuta karatasi zake, akasema hana swali lingine. Wakati natoka, akina mama wa picha walisogea wakanipa nafasi katikati yao kwenye benchi. Hukumu itasomwa tarehe 20 Septemba. Sijui jaji ataamua nini, na usiniulize, maana kila mtu kwenye basi alikuwa na hukumu yake na nusura wapigane.

Nimerudi jana. Mkutano ulishakaa bila sisi, tumetengwa. Baba Philomena kalipokea hilo akiwa anafunga madumu kwenye baiskeli, kasema Mhunze si mbali. Philomena tumempeleka kwa wifi yangu Kolandoto, atasoma huko. Kaondoka analia, simfichi mtu.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe, nikaenda kisimani na ndoo yangu. Wanawake saba, Salome akiwa kwenye pampu. Nikasema, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitika. Nikasimama pale pale. Mmoja mmoja akajitwika ndoo akaondoka, mpaka tukabaki mimi na Salome. Akapiga pampu mpaka ndoo yake ikafurika. Kisha akaufuta mdomo wa ndoo kwa ncha ya kanga, akageuka, akaenda zake mikono mitupu, na maji ameyaacha.

Nimeyanywa palepale kwa kiganja, na mengine nimepikia uji. Ndoo yake ipo hapa mlangoni, nimeiosha. Kesho alfajiri nitaiweka mahali nilipoikuta.

Dada yako,
Melania